Mizani ndogo ya gramu 0.01 kwa praktiko ya osmosisi: inunueni, ila angalieni upepo

Walimu wa baiolojia wa Mwanza mlioniulizia ile mizani ninayotumia kwenye jaribio la osmosisi (maji kupenya kuingia au kutoka kwenye seli za kiazi), ni ile ya kidijitali ya mfukoni, mwisho gramu 200 na inasoma hadi gramu 0.01, zile zile wanazotumia wanunuzi wadogo wa dhahabu huku kanda ya ziwa kwa hiyo mjini hazikosekani. Mi nimeipata maduka ya upande wa Makoroboi, jamaa alianzia elfu arobaini tukamalizana thelathini.

Kwa nini nisitumie ya jikoni? Piga hesabu mwenyewe. Kipande cha kiazi cha sentimita 5 kina kama gramu 4, kikinywa maji kikaongezeka asilimia 5 hiyo ni gramu 0.2 tu, mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima nzima itakuandikia 4 kabla na 4 baada, mtoto anaandika hakuna badiliko na wewe umesimama pale mbele unamwambia maji yameingia. Anakubali tu kwa vile we ni mwalimu. Hiyo inaniuma sana.

Naitumia kwanza kupimia sukari ya kutengeneza maji ya sukari ya kulowekea viazi. Moli moja (kipimo cha wanakemia cha kiasi cha kitu) ya sukari ya mezani ni gramu 342, kwa hiyo mililita 100 za moli 1 kwa lita unapima gramu 34.2, unayeyusha kwenye maji kidogo halafu ndo unaongezea maji mpaka ifike 100 (ukimwaga sukari kwenye maji 100 kamili ujazo unazidi na namba zako zote zinahama). Ya 0.2 ni gramu 6.84, ya 0.4 ni 13.68, unaenda hivyo hivyo. Tumia kikopo chepesi cha plastiki, cha kioo kinakula sehemu kubwa ya ile 200.

Halafu napima viazi kabla na baada ya kuloweka, na hapa ndo imenifurahisha kweli. Viazi mviringo vya kwenye maji matupu vimepanda uzito, vya 0.2 vimepanda kidogo, vya 0.4 vimeshuka, vya moli 1 vimelegea mpaka unavikunja, na wanafunzi walipochora grafu ya asilimia ya badiliko la uzito mstari ukakata sifuri kati ya 0.2 na 0.4, yani hapo maji yanayoingia kwenye seli yanalingana na yanayotoka. Binti mmoja akauliza viazi vitamu je? Tukajaribu, mstari ukakata sifuri mbele zaidi kwa sababu ndani vina sukari nyingi. Watoto waliokua wanatafuna michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) utamu wa kiazi wanaujua siku nyingi, sasa wameuona kwenye grafu, jamani darasa lilichangamka!

Kasoro zipo. Upepo wa ziwa ukiingia dirishani au feni ikiwaka namba haitulii kabisa, mi naizungushia boksi la karatasi. Ukiiacha kidogo inajizima na sifuri uliyoweka inapotea. Na kwa vile inasikia vitu vidogo, tone moja la maji ambalo ni kama gramu 0.05 linaonekana, kwa hiyo vipande vyote vikaushwe kwa tishu kwa namna moja, asiwepo anayekandamiza na mwingine anagusa tu, bora mtu mmoja akaushe vyote.

Kabla hujatoa hela nenda na bomba la sindano la mililita 10 kutoka duka la dawa na kikopo chako, weka sifuri, mimina maji 10, inatakiwa isome gramu 10 au pungufu kidogo sana, ikikuletea 9.4 au 10.7 achana nayo omba nyingine. Muuzaji wa kwanza niliyemfuata alikataa nisijaribu, nikahamia duka la pili. Betri nunua zako mpya, zinazokuja nayo zinaisha haraka.