Buti za kamera zilizoniachia soli Ngong

Buti hizo za kupanda mlima nilizinunua Gikomba, soko la mitumba Nairobi, Jumamosi moja asubuhi, shilingi 3,200. "Dada, hizi ni kamera," muuzaji akaniapia, yaani zile zinazochaguliwa kwanza beli ikifunguliwa. Na kweli zilipendeza. Ngozi ya kahawia haina hata mkwaruzo, kamba ni zilezile zilizotoka nazo kiwandani, meno ya soli marefu kana kwamba hazijawahi kukanyaga chini. Dukani nisingezigusa kwa bei hiyo. Nikarudi nyumbani najiona mjanja.

Kumbe yale meno marefu ndiyo yangenishtua. Buti haijavaliwa, na bado imefika mtumba: ilikuwa imekaa wapi miaka yote hiyo?

Jibu nililipata Ngong Hills. Tulianza asubuhi pale getini, tukilenga kuvuka vilima vyote hadi Kona Baridi. Kwenye kilima cha tatu nikaanza kusikia chap, chap, chap nyuma yangu. Nikadhani ni upepo, maana kule upepo haunyamazi, ndiyo sababu pamejaa mashine za umeme. Nilipoinua mguu, kisigino cha kulia kilikuwa kinaning'inia, na katikati ya ngozi na mpira wa chini yalikuwa yakimwagika makombo ya kijivu kama ya keki iliyokauka. Kabla ya kilima cha tano soli ilitoka nzima. Niliifunga kwa leso ya rafiki yangu nikamalizia njia nikirusha mguu kama kuku aliyefungwa kamba. Wenzangu walicheka hadi Kona Baridi.

Fundi wangu wa viatu Kawangware hakutaka hata kufungua gundi. Alichukua ile ya kushoto, iliyoonekana nzima, akabonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba, kikazama. "Mama, hapa gundi itashika nini? Huu ni unga."

Nilikuja kuelewa baadaye. Buti nyingi za kupanda mlima zina tabaka la kati la povu la poliurethani, katikati ya ngozi na mpira wenye meno. Povu hilo ni imara na linabeba uzito vizuri, ila unyevu wa hewani hulivunja kidogo kidogo, hata kiatu kikiwa kimetulia kwenye boksi. Miaka ikipita linageuka makombo huku ngozi juu ikibaki inang'aa. Muuzaji hakunidanganya, hata yeye alikuwa anaangalia ngozi, kama mimi.

Mara ya pili nilikwenda soko la Toi, jioni, baada ya kutwa nzima ya kutembea, kwa sababu mguu huvimba na kiatu kinachokutosha asubuhi kinaweza kukubana saa kumi. Nilibeba soksi zangu nene. Kila kiatu nilichoshika nilikikunja, nikabonyeza ubavu, nikatafuta nyufa nyembamba pale povu linapokutana na mpira. Muuzaji alinitazama kama ninayekagua ng'ombe. Nikachukua viatu vyepesi vya kukimbilia porini, vifupi, vya povu la aina nyingine, EVA, ambalo halivunjwi na unyevu kwa namna ile. Shilingi 1,800, namba 40 ingawa mimi huvaa 39. Hiyo namba moja ya ziada ni funzo la mlima Longonot: kupanda si kitu, ni kule kushuka ndiko vidole vinagonga mbele, na mwaka juzi niliteremka na ukucha mweusi uliokuja kung'oka wenyewe.

Nimerudi navyo Longonot, nikazunguka ukingo wote wa kreta, kilomita saba na ushee, hadi kile kilele cha mita 2,776. Vidole salama. Shida ni vumbi. Lile jivu la volkano ni laini kama unga wa ngano, na kiatu kifupi hulipokea kama gunia. Nilisimama mara mbili kumwaga. Mvua ikinyesha vinalowa mara moja, lakini asubuhi vimekauka, wakati buti za ngozi nilikuwa nazijaza magazeti siku mbili. Kwa msitu wa Karura, jamani, msijisumbue na buti. Raba yoyote yenye meno kidogo inatosha. Kwenye matope ya milima ya Aberdare ningetaka kitu kinachofunika kifundo cha mguu, na hivi havifuniki.

Zile za kamera sikuzitupa. Fundi alizikwangua makombo yote, akazishonea soli za tairi kwa shilingi 1,500, zikawa kama akala, vile viatu vya tairi. Zimekuwa nzito kama tofali lakini hazijaachia tena, na ninazivaa shambani kwa mama. Ukinifuata nyuma kwenye vumbi utadhani gari la Probox limepita.