Supamaketi mpya ya Kisauni: bidhaa nzuri, ila msiwape nambari ya simu ovyo

Nianze na la kheri. Mboga zao hazijanyauka, unga haukosekani, na mlango wa dharura ulio nyuma karibu na friji za maziwa hauna kufuli. Hilo naliangalia katika kila duka kubwa ninaloingia. Januari 2009, Nakumatt Downtown ya Nairobi ilipoteketea na watu wakafia ndani, walionusurika walisema milango ilifungwa kwa hofu ya wizi. Duka linalolinda mali kwa kuwafungia watu mimi silikanyagi.

Haya, ulinzi wenyewe. Mlangoni askari anawaamrisha wanafunzi waache mabegi ya mgongoni kwa kaunta ya mizigo, wapewe kibao cha nambari. Mama aliyebeba mkoba mkubwa wa ngozi anapita bila kuulizwa. Kama ni sheria, iwe ya wote. Na juu ya kaunta hiyo hiyo wamebandika tangazo kwamba mzigo unauacha kwa hasara yako mwenyewe. Ukinilazimisha nikuachie begi langu, basi lilinde.

Nyembe na maziwa ya kopo ya watoto wachanga yako ndani ya kabati la kioo. Sina ugomvi na hilo, maana ni vitu vidogo, vya bei ghali, na vikiibwa vinauzika mtaani upesi. Tabu ni kwamba mwenye ufunguo yuko ghalani kila unapomhitaji.

Kilichoniuma ni lile lango linalolia. Makopo hayo, na chupa za losheni pia, yana kibandiko chenye waya mwembamba ndani. Keshia anatakiwa akipitishe juu ya bamba lililo kwenye kaunta ili kizimwe. Asipokizima, lango litalia hata kama umelipa mpaka senti ya mwisho. Jumamosi nilikuwa nyuma ya bibi mmoja aliyemnunulia mjukuu wake maziwa. Lango likalia. Risiti anayo mkononi, lakini askari hakuitazama. "Bibi, hebu mwaga mkoba." Tasbihi, dawa za presha, leso, vyote vikatandazwa mezani mbele ya foleni nzima. Keshia akaja, akalipitisha kopo kwenye bamba, lango likanyamaza. Hakuna aliyemwambia samahani. Nilimsaidia kurudisha vitu vyake, mikono inamtetemeka. Kosa lilikuwa la kaunta, na aibu akabebeshwa mtu mzima aliyelipa. Soma risiti kwanza, mlinganishe na kilichomo kwenye mfuko wa duka, mkoba wa mtu uache.

Hata hivyo askari unamwona na kamera unaziona. Kwenye malipo kuna jambo ambalo huoni. Keshia aliniuliza, "Nambari ya simu, mama?" Nikamtajia, maana nilikuwa nalipa kwa M-Pesa naye alitaka kunitumia ombi la malipo kwenye simu. Jioni ukaingia ujumbe: karibu kwenye mpango wetu wa pointi. Sikuomba pointi. Kisha yakafuata matangazo ya pampasi na maziwa ya watoto, vile vile nilivyonunua. Yaani nambari niliyoitoa ili nilipe ilishaunganishwa na kikapu changu, na sasa wanajua nyumbani mwangu kuna mtoto mchanga. Hilo halizuii mwizi hata mmoja.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inanipa haki ya kuambiwa habari zangu zinatumiwa kwa kazi gani, na kifungu cha 37 hakiruhusu kuzitumia kibiashara bila ridhaa yangu ya wazi au idhini ya sheria. Na wanaoadhibiwa wapo. Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza Casa Vera Lounge ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake.

Nilimwendea meneja. Kijana mstaarabu, alinipa kiti na kunisikiliza mpaka mwisho, na habari ya yule bibi ilimgusa. Aliandika na saa. Kuhusu nambari alisema mtambo unasajili wenyewe na kufuta ni kazi ya makao makuu. Nimewaandikia barua pepe nikitaka nambari yangu ifutwe pamoja na orodha ya manunuzi. Wakinyamaza, malalamiko yanakwenda kwa Kamishna, ambaye kisheria ana siku 90 za kuyamaliza.

Nawapa nyota tatu kati ya tano, na ununuzi nitaendelea. Ukienda, usimtajie keshia nambari. Mwombe nambari ya till, yaani ile ya duka ya kupokelea malipo ya M-Pesa, uiingize mwenyewe kwenye simu yako, umwonyeshe ujumbe wa malipo. Akiuliza habari ya pointi, mwambie huna haja nazo. Mimi safari hii hawakunibishia.