Fonti nene ya mviringo niliyoipenda mpaka nilipofika kwenye ng'

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aende zake: usinunue. Au nunua, lakini uwe na hakika kwamba kazi zako hazitakuwa na ng' hata moja, na anayeandika Kiswahili sijui ataipata wapi hakika hiyo.

Ni moja ya zile fonti nene za kuchangamsha macho, ncha zote zimelainishwa, herufi zimevimba kama maputo. Jina silitaji, nisije nikawapigia debe. Ina unene wa aina ngapi, inauzwaje, hayo yote wameyaweka kwenye ukurasa wao. Mimi ugomvi wangu ni ritifaa, ile alama ndogo ya juu inayofuata g kwenye ng'.

Nilikuwa natengeneza kadi za watoto wanaoanza kusoma: picha ya mnyama juu, jina lake chini, maandishi ya kujaza kadi. Simba akapendeza. Tembo akapendeza zaidi, ile m na b zimekaa utadhani zinasukumana kwa mabega. Twiga, safi. Nikaandika ng'ombe, na hapo neno likapasuka. Ng huku, ombe kule, katikati tone jeusi linaelea peke yake kana kwamba limepotea njia. Mteja alipoona sampuli akanipigia: "Kaka, hapa umeandika neno moja au mawili?"

Kwa asiyejua mambo haya yanavyokwenda: kila herufi huchorwa na nafasi yake ya kushoto na ya kulia. Mara nyingi inatosha. Lakini zipo jozi zinazogoma, kama A na V, au T na o, na hizo mchora fonti huzipanga moja moja, hii isogee, ile irudi nyuma. Kwenye fonti nyembamba akisahau jozi moja, jicho linasamehe. Kwenye fonti nene ya aina hii herufi zote zimebanana, kwa hiyo pakiachwa pengo linaonekana toka mbali. Na ritifaa yao ni bonge la tone juu, weupe mtupu chini. Kwenye Kiingereza ritifaa hupenda kukaa baada ya n au kabla ya s, na jozi hizo wamezipanga vizuri sana, nimezikagua. g, ritifaa, kisha o? Hakuna aliyejisumbua.

Halafu wana ujasiri wa kuorodhesha Kiswahili kati ya lugha "zinazofaa". Bila shaka kinafaa! Hatuna herufi yenye alama juu wala mkia chini. Fonti yoyote yenye a mpaka z inaweza kujisifia hivyo. Orodha za namna hiyo huhesabu kama herufi zipo, haziangalii zinakaaje zikikutana.

Nikawaandikia, kwa adabu kabisa, nikaambatanisha picha. Wakanijibu kwamba fonti yao haina kasoro, na kama ushahidi wakanitumia picha ya neno la Kiingereza lenye ritifaa iliyokaa vizuri. La Kiingereza! Nilipouliza kama naweza kufungua faili niisogeze mwenyewe, kazi ya dakika chache kwa mwenye programu ya fonti, wakaniambia leseni hairuhusu kubadilisha chochote. Kwa hiyo wao hawarekebishi, na mimi nisirekebishe. Kila ng' naivuta kwa mkono ndani ya programu ya michoro, na nikihamishia maandishi kwenye programu nyingine, naanza upya.

Sasa, hasira kando, haki yake nayo niseme. Kwa nembo, stika, fulana na bango la maneno machache, inavutia mno. Na wanaodai fonti za mviringo ni za watoto tu wanakosea: Cooper Black ya Oswald Cooper ilitoka Chicago mwaka 1922 na bado inauza bidhaa za watu wazima, na VAG Rounded ya 1979 ilitengenezwa kwa ajili ya Volkswagen, kampuni ya magari. Hii niliyonunua ina ucheshi ambao sijauona kwingine. Ile k yake peke yake inanifanya nitabasamu. Usiiweke tu kwenye aya ndefu, maana ikipunguzwa matundu ya a na e yanaziba. Ningeipa nyota nne.

Nne? Hapana. Juzi nimepewa kazi yenye neno kung'ang'ania kwenye kichwa cha bango, ritifaa mbili ndani ya neno moja. Limetoka vipande vitatu. Nyota mbili, na ya pili ni ya ile k.

Kama unatafuta mviringo na hutaki kubishana na mtu, zipo Fredoka na Baloo, za bure, na leseni zao za wazi zinakuruhusu kufungua faili na kuipanga jozi inayokukera. Na kama fonti ya kulipia imekuteka moyo kama ilivyoniteka mimi, wauzaji wengi huweka kisanduku cha kujaribia. Usiandike jina lako humo. Andika kung'ang'ania, uikuze mpaka ijae kioo, ndipo utoe pesa.