/dev/sdb1 au UUID: kipi kiandikwe kwenye fstab?

fstab ni faili (/etc/fstab) inayoiambia Linux diski zipi za kupachika, yaani kuunganisha na folda, wakati wa kuwaka. Linux hugawa majina sda, sdb, sdc kadiri kerneli (kiini cha mfumo) inavyoziona diski wakati wa kuwaka, na mpangilio huo hauna dhamana. Chomeka diski nyingine, washa upya, na sdb ya jana yaweza kuwa sdc leo. Kama fstab inasema /dev/sdb1 na jina hilo halipo tena, systemd (programu inayoanzisha mfumo) husubiri sekunde 90 kisha hukutupa kwenye hali ya dharura. Afadhali hivyo, maana ingeweza pia kupachika diski isiyo yenyewe, kimyakimya.

UUID, namba ndefu ya kipekee ya utambulisho, imeandikwa ndani ya mfumo wa faili wenyewe, hivyo huhama na diski hata ukibadilisha kebo au mashine. Isome kwa `sudo blkid /dev/sdb1`, kisha andika:

`UUID=... /data ext4 defaults,nofail 0 2`

`nofail` huruhusu mashine kuwaka hata diski isipopatikana. Jaribu kwa `sudo mount -a` kabla ya kuzima.

Kasoro zake? Ni ndefu, haikaririki. Ukifomati upya kwa mkfs, inabadilika. Ukinakili diski nzima kwa amri ya dd, unapata pacha wawili wenye UUID moja. Kwa ext4, mpe mmoja namba mpya kwa `tune2fs -U random` akiwa hajapachikwa.

sdb ibaki kwa kazi ya mkono, baada ya kutazama `lsblk -o NAME,SIZE,SERIAL`.