Kati ya Wazuh na Proton Drive, ofisi yetu ilichagua hivi

Ofisi yetu ya uhasibu hapa Mombasa ni ndogo, lakini tunashika siri za watu: PIN za KRA (namba za kodi), nakala za vitambulisho, hati za mishahara ya kampuni nzima. Pesa za usalama zilitosha kitu kimoja. Tulikuwa tukichagua kati ya Wazuh, programu inayochunga kompyuta na kujibu mashambulizi yenyewe, na Proton Drive, hifadhi ya mtandaoni inayosimba mafaili, yaani kuyageuza yasisomeke bila ufunguo, kabla hayajatoka kwenye mashine yako.

Nilianza na Wazuh kwa kuwa ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Ni kali, sikatai. Mtu akibahatisha nenosiri la seva mara nyingi mfululizo, unaweza kuiagiza imfungie papo hapo, hata kama nyote mmelala. Ila bure hiyo ina gharama. Kwa kompyuta 1 hadi 25, watengenezaji wake wanapendekeza seva yenye RAM ya GB 8 na nafasi ya GB 50, na hapo bado hujapata wa kuisoma. Tahadhari zinamiminika: faili hili limebadilishwa, programu ile imepitwa na wakati, fulani kakosea nenosiri (Jumatatu asubuhi, nani hakosei?). Kujua ipi ya kupuuza na ipi ya kukimbilia ni ajira ya mtu. Sisi fundi wetu huja akiitwa.

Proton Drive haidai mtu wa zamu. Kampuni iko Geneva, Uswisi, na mafaili yamesimbwa kwa namna ambayo hata wao hawawezi kusoma yaliyomo. Ninachokitumia zaidi ni viungo: mteja anapata kiungo chenye nenosiri na tarehe ya kuisha, hati haibaki ikizagaa kwenye barua pepe yake mwaka mzima. Hiyo ni ya akaunti za kulipia.

Sasa tahadhari. Mwenye akaunti akisahau nenosiri na hana kirai cha kurejesha (maneno ya siri ya kufungulia data yake) wala njia nyingine ya kurejesha aliyoiandaa mapema, mafaili yake ya zamani hayasomeki tena; hakuna wa kumpigia simu amfungulie. Chetu kimeandikwa kwenye karatasi, kiko ndani ya sefu. Tena, mwizi akipata nenosiri lako anaingia kama wewe, kwa hiyo washa uthibitisho wa hatua mbili (nenosiri pamoja na uthibitisho wa pili) siku ileile ya kwanza.

Kuna jambo moja ambalo hifadhi hii haikupi: habari kwamba kompyuta zako zimevamiwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inakupa saa 72 kumwarifu Kamishna wa Data baada ya kugundua uvujaji, na kwenye kugundua ndiko Wazuh inakoishinda Proton Drive kwa mbali. Kwa hiyo duka la mtandaoni lenye seva zake na mtu wa IT wa kudumu, ningeliambia lianze na Wazuh. Ofisi ya mafaili na laptopu kama yetu, Proton Drive, na nimeshalipia mwaka wa pili.