Taa ya zambarau iliyookoa miche yangu ya nyanya

Dirisha langu hapa Kariakoo linatazama ukuta wa jirani. Kila nikisia nyanya, miche hurefuka kama nyuzi, kisha hulala. Mwezi uliopita nilinunua taa ya LED ya wati 20, yenye vitone vyekundu na vya bluu, nikaitundika sentimita 30 juu ya trei.

Siku ya kumi niliinama kutazama: mashina mafupi, manene, yenye vinyweleo vyeupe. Nilifurahi mno! Mwanga wa bluu, wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 450, ndiyo inayozuia shina kurefuka ovyo. Nyekundu ya nanomita 660 hufyonzwa vizuri na klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, tena huiamsha fitokromu, kihisi kinachoujulisha mche kwamba haujafunikwa na majani ya wenzake. Kivulini nyekundu hiyo hupungua, ndiyo maana mche hukimbilia juu.

Kasoro ipo. Chini ya zambarau majani yote huonekana meusi, kwa hiyo nilichelewa kuona jani la njano. Sasa kila asubuhi naitoa trei kibarazani niikague. Adapta nayo hupata moto. Iwekeni mbali na maji.

Nitanunua ya pili kwa ajili ya pilipili hoho.