Uzoefu wangu wa kukodi kayaki kwenye Mto Yukon, kutoka Whitehorse hadi Dawson City

Kwa muda wa majuma mawili hivi tulipiga kafi kuteremka Mto Yukon, kaskazini-magharibi mwa Kanada, kutoka Whitehorse hadi Dawson City, umbali unaozidi kilomita 700. Hatukuwa na kiongozi. Kampuni moja ya Whitehorse ilitukodisha kayaki, makafi, majaketi ya kujiokolea na mapipa ya chakula, kisha ikavipokea vifaa hivyo Dawson. Huduma ya namna hii naipendekeza bila kusita kwa yeyote aliyekwisha kuzoea kayaki na anayeweza kukaa porini akijua kwamba msaada hauko karibu.

Kilichonifanya niithamini zaidi ni maelezo tuliyopewa kabla ya kuondoka. Nilitarajia waanze na dubu, lakini walianza na baridi ya maji, na sasa naona walikuwa na haki. Maji ya Yukon hubaki baridi hata katikati ya kiangazi, na mtu anayepinduka mbali na ukingo huishiwa nguvu za mikono upesi, hata kama ni mwogeleaji hodari. Kwa hiyo jaketi huvaliwa wakati wote, nguo kavu hufungwa katika mfuko usiopitisha maji, na kayaki haiachwi itangetange katikati ya mto bila sababu. Kuhusu dubu walisema machache yenye maana: pikeni mbali na hema, fungeni chakula chote ndani ya mapipa, na dawa ya pilipili ya kuwafukuzia iwe kiunoni, isiwe kwenye mizigo.

Maelezo hayo yalitufaa mapema, kwenye Ziwa Laberge. Ziwa hili lina urefu wa kilomita 50 hivi na halina mkondo wa kukusukuma, na upepo ukivuma mchana huinua mawimbi mafupi yanayofuatana kwa karibu. Tulishika ukingo wa mashariki na kusafiri saa za usiku wa manane hadi asubuhi, jambo linalowezekana kwa sababu mwezi Juni usiku wa huko hauingii giza kamili. Usukani wa kayaki ulifanya kazi vizuri sana dhidi ya upepo wa ubavuni. Hata hivyo, kifuniko cha sehemu ya mizigo upande wa tezi, yaani nyuma, katika kayaki moja kilikuwa kimechakaa, na maji yakapenya hadi kwenye mifuko. Kasoro hiyo si ndogo mahali ambapo nguo kavu ndiyo tiba ya kwanza, na kampuni ingepaswa kuigundua kabla yetu.

Baada ya ziwa, mto hubadilika kabisa. Kipande kinachoitwa Thirty Mile, hadi Hootalinqua ambako Mto Teslin unaingia, kina maji maangavu ya kijani yaendayo kasi, na kafi huhitajika zaidi kwa kuelekeza kuliko kusukuma. Maji ya kasi ya Five Finger, ambako nguzo nne za miamba huugawa mto katika njia tano, huwatia watu hofu kuliko yanavyostahili: shika njia ya kulia, elekeza omo, yaani mbele ya kayaki, sawasawa na mawimbi, na yamekwisha.

Mahali ambapo ningependa kila msafiri apange kulala ni Fort Selkirk, karibu na Mto Pelly unapoungana na Yukon. Robert Campbell alifungua hapo kituo cha Hudson's Bay Company, kampuni ya biashara ya manyoya, mwaka 1848, na mwaka 1852 Watlingit wa Chilkat, wenyeji wa pwani waliokuwa wakiilinda biashara yao na watu wa bara, wakakivamia. Mji uliokua baadaye ulihamwa meli za mvuke zilipokoma kufuatia ujenzi wa barabara iliyopita mbali nao. Leo nyumba za magogo zinatunzwa kwa pamoja na Selkirk First Nation, jamii ya wenyeji wa asili wa hapo, na serikali ya Yukon, na hakuna barabara inayofika hapo. Tulitembea humo jioni nzima, na hakuna sehemu ya safari iliyonigusa zaidi.

Chini zaidi, Mto White huleta matope ya barafu na majivu ya volkano, na maji ya Yukon hayafai tena kuchujwa moja kwa moja kwa sababu chujio huziba. Chota kwenye vijito vya pembeni, au acha maji yatulie kwenye ndoo usiku kucha. Kwa kulala, mafungu ya changarawe katikati ya mto ni bora kuliko msitu, kwa kuwa upepo hupunguza mbu.

Mwenye juma moja tu huambiwa aishie Carmacks, kijiji kilicho kati ya Hootalinqua na Five Finger, kwa kuwa barabara inafika hapo. Mimi ningemshauri aanzie Carmacks: atakosa Thirty Mile, lakini ataepuka upepo wa Laberge na atafika Selkirk.